Simu ilimwambia ubongo wake umezeeka, akaacha kutafuna mpunga

Saa nane mchana, wingu jeusi limeshaifunika Mwamkulu na linakuja Mpanda mjini bila hodi. Kwenye uwanja wa saruji wa mashine moja ya kukoboa mpunga, kila mtu anakimbia.

"Funga hiyo! Nyie vijana, achaneni na reki, shikeni turubai!"

Anayepiga kelele ni Josephina Telesfori, mama wa miaka arobaini na sita, kitenge amekikaza kiunoni, miguu peku. Ndiye msimamizi wa uwanja. Wakulima wanaleta mpunga wenye unyevu, yeye anauanika juu ya maturubai, anaugeuza, na jua likipoa anaukusanya. Magunia hayaandikwi chochote. Nani mwenye mpunga upi, anajua yeye.

Tone la kwanza linapasuka juu ya saruji. Josephina anaonyesha kwa kidole huku anakimbia: hilo la Anicet, hilo la mama Nyanzala, lile pale la mwalimu. Vijana wanazoa, wanajaza, wanashona kwa shazia, wanabeba mgongoni hadi ghalani. Mvua inaposhuka kwa nguvu, uwanja umeshabaki mtupu. Watu wanacheka kwa kuponea chupuchupu.

Josephina hacheki. Ameketi juu ya gunia, anahema, anatazama mikono yake.

"Nimekosea mahali," anasema taratibu. "Sijui wapi, ila moyo umenishtuka."

Ana sababu ya kushtuka. Mwezi uliopita alichanganya mpunga wa majirani wawili, mmoja wa aina ya supa na mwingine wa mchanganyiko, na ugomvi wake ulifika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye mashine, Osward, mtu mpole ambaye akikasirika huongea kwa sauti ya chini zaidi, alimwita pembeni.

"Aliniambia, mama Queen, nakuheshimu, ila ukirudia tena ukae nyumbani," anasimulia. "Sikulala. Si kwa ajili ya kazi, kazi nitatafuta nyingine. Mimi nilikuwa namuwaza mama yangu."

Mama yake aliishi Usevya, na miaka yake ya mwisho alianza kusahau. Mwanzoni ilikuwa sufuria jikoni. Halafu ikawa njia ya kisimani. Mwishowe Josephina akienda kumsalimia, mama yake anamkaribisha kwa adabu zote, anamuuliza ametokea wapi, yeye ni binti wa nani.

"Unajua kinavyouma hicho? Mtu aliyekuzaa anakukaribisha kama mgeni! Basi nilipochanganya ule mpunga nikasema, imeshafika kwangu."

Binti yake Queen, anayesoma chuo cha ualimu, ndiye aliyemletea dawa. Alichukua simu ya mama yake, ya kugusa, kioo kimepasuka kona moja, akamwekea programu za bure za kunoa ubongo. Moja ya kufunua kadi na kutafuta picha zinazofanana. Nyingine ya kujumlisha haraka huku saa inakimbia. Ya tatu ilikuwa ya maneno ya Kiingereza, na hiyo, anasema Josephina, waliachana siku hiyohiyo.

"Bure gani hiyo?" anang'aka. "Ukifunua kadi kidogo, tangazo la kubeti. Ukifunua tena, tangazo la mkopo. Bando inaliwa kama karanga."

Lakini kilichomvuruga hakikuwa matangazo. Mchezo wa kwanza ulipokwisha, simu ilitoa tarumbeta na maandishi makubwa ya rangi. Queen alimtafsiria mama yake: umri wa ubongo wako ni miaka sabini na moja.

"Sabini na moja! Mama yangu amefariki hajafika huko! Nikamuuliza Queen, wamejuaje? Akasema mama, ni gemu tu. Gemu tu, kwa nini basi imejua ninachokiogopa?"

Tangu hapo hakuiacha. Alicheza akisubiri uji uchemke. Alicheza akiwa amejibanza chini ya paa la ghala wakati wa chakula. Akapanda. Sitini na sita, halafu hamsini na nane. Siku hiyo ya hamsini na nane alinunua soda, akawagawia vijana wa reki, hakuwaambia sababu.

Kilichopotea kimyakimya ni kitu kingine. Josephina ana desturi yake, ambayo wenzake humtania nayo. Kila asubuhi, maturubai yakishatandazwa, huchukua punje chache kwenye kila rundo, hulitamka jina la mwenye rundo kwa sauti, kisha huzitafuna. Punje ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado. Na ndani ya kutafuna huko, anasema, jina linakaa. Mpunga wa fulani una ganda gumu, wa fulani una harufu, wa fulani una mchanga kwa sababu mkewe hapendi kupepeta.

"Vijana wananiita kuku," anasema. "Kuku wa Osward. Na kweli, nadonoa."

Gemu ilimfundisha njia nyingine. Kwenye kadi, hutafuni kitu. Unakariri mahali. Ndizi iko juu kushoto, chungwa liko chini kulia. Ukishakariri mahali, umeshinda. Akaona ni rahisi, tena ni ya kitaalamu. Akaanza kuukariri uwanja hivyohivyo: la kwanza ukutani la Anicet, la pili la Nyanzala, la tatu la mwalimu. Kudonoa akaacha. Aliona aibu nako, eti ni ushamba.

Sasa tusikilize mvua inavyopiga bati, na tumtazame mwanamke huyu anavyojaribu kukumbuka leo kumetokea nini. Anafumba macho. Midomo inacheza.

Ghafla mashine inanguruma. Elia, kijana mwembamba anayeiendesha, ameiwasha. Anicet, mkulima wa Katumba, ameshaleta gari la kubebea mchele, dereva anapiga honi, hataki barabara ya kwao imkamate na tope. Magunia ya Anicet yanabebwa kwenda kwenye mdomo wa mashine.

Josephina anajikung'uta. Punje kadhaa zimenasa kwenye mkunjo wa kitenge chake, hapo alipokumbatia gunia la kwanza ukutani, gunia la Anicet. Anaichukua moja. Labda ni mazoea ya miaka. Anaitia mdomoni.

Anasimama.

"Elia!" Sauti yake haifiki popote, mashine inaimeza. "Elia, zima! Zima!"

Anakimbia ndani ya vumbi la pumba, anateleza, anainuka na goti lenye damu. Elia anamwona anapunga mikono, anadhani mvua imeingia ghalani. Anasita. Mwandishi wa makala haya alikuwa umbali wa hatua chache na hakuelewa chochote, akabaki ameshika kalamu kama mjinga. Josephina anampita Elia na kulikumbatia gunia linaloinuliwa, yeye na mbebaji wanaanguka nalo chini.

Mashine inazimwa. Inabaki mvua.

"Una wazimu, mama Queen?" Elia anafoka.

"Huu si wa Anicet. Huu ni mbegu."

Ni mbegu ya Nyanzala. Mbegu ya kienyeji ambayo mama mkwe wake alikuja nayo kutoka Usukumani walipohamia huku na ng'ombe wao, punje yenye ncha nyekundu na kindevu kifupi, haiuzwi duka lolote. Nyanzala huianika hapa kwa sababu uwanja ni wa saruji, huiacha ghalani hadi Novemba, kisha huigawa kwa wakwe na shemeji, ukoo mzima ukapanda. Punje ikishakobolewa haioti tena.

Gunia moja lilikuwa limeshapita. Upande wa pili, mchele wake ulikuwa umelala kwenye sinia, mweupe, mzuri, unanukia.

Ukweli ulitoka palepale, mbele ya wote. Saa sita na nusu kivuli cha ghala kiliingia uwanjani, vijana wakavuta maturubai mawili kuyafuata jua. La Nyanzala likaja ukutani, la Anicet likasogea. Walimpigia kelele wakamwambia. Josephina alikuwa kwenye gemu, anangoja tangazo liishe, akajibu "sawa, sawa" bila kuinua macho. Kwenye simu kadi hazihami. Uwanjani zilihama.

Na Nyanzala akaingia. Mvua ilimtoa Mwamkulu kuja kuangalia mbegu yake, juu ya pikipiki, amelowa chapachapa. Ni mama mrefu, asiye na haraka. Aliambiwa kilichotokea. Alikwenda kwenye sinia, akachota mchele kwa kiganja, akautazama.

"Huu sasa ni wa kupika," alisema. "Shamba la bondeni limekwenda mwaka huu, halina mbegu."

Josephina alipiga magoti kwenye pumba. "Mayu, ni mimi," alisema, akimwita kwa heshima ya Kisukuma. "Si vijana, wala si Elia. Nilikuwa nacheza simu. Nilikuwa natafuta akili, nikapoteza mbegu yako."

Alilia waziwazi. Anicet, ambaye gari lake lilikuwa bado linapiga honi, alitoka nje akamnyamazisha dereva.

Osward alikuja kwa hatua za polepole. Akaongea kwa ile sauti ya chini ambayo wafanyakazi wake wanaiogopa. "Nilishamwambia. Mama Nyanzala, aliyeumia ni wewe. Sema wewe, aende?"

Nyanzala alimwaga ule mchele kwenye sinia, akajifuta kiganja.

"Hasira ninazo," alisema. "Nikifika nyumbani nitagomba mpaka mbwa wakimbie. Lakini nani ameisimamisha hii mashine? Nyie wote mlikuwepo, na macho yenu. Huyu kaijua kwa meno. Mimi mbegu iliyobaki naiacha hapa hapa. Nimwachie nani mwingine?"

Wiki mbili baadaye, uwanja una mabadiliko. Osward amenunua rangi, kila gunia lina jina ubavuni, na simu za wote zinakaa ofisini hadi jioni. Josephina yupo. Asubuhi hudonoa tena, na vijana wamerudia kumtania, ila sasa mmoja wao naye anatafuna kwa kujificha.

Amekwenda pia hospitali, jambo aliloliogopa kuliko mashine. Muuguzi alimpima presha, akaikuta juu, akamuuliza analala vipi. Halali. Akamwambia namba ya kwenye simu ni mchezo, haijui chochote kuhusu kichwa chake. Kusahau kwake huenda ni presha, huenda ni uchovu, huenda ni kingine, na arudi kuonana na daktari. Ameshapewa tarehe.

"Naogopa," anasema. "Sitadanganya. Akiniambia ni ule ugonjwa wa mama, nitaupokea vipi? Lakini bora aniambie mtu anayenitazama usoni."

Ile ya kadi ameifuta. Ya kujumlisha ameibakiza. "Ile haiongei umri wangu," anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Tunamuuliza anatamani nini. Anaegemea ukuta wa ghala, nyuma yake yakiwa magunia matatu ya mbegu yenye ncha nyekundu, na hachukui muda kujibu.

"Novemba atakuja kuyachukua. Namwomba Mungu anifikishe tu hapo na kichwa hikihiki. Nimwone anaingia getini, hajanisalimia, sijasoma hiyo rangi ya Osward, na mimi niwe nimeshamwita kwa jina lake: Nyanzala, karibu, mbegu yako hii hapa."