Madam Solange na Matanga ya Mraru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwongozaji wa filamu alinipa gauni jeusi akaniuliza kama naweza kulizeesha. Nilikuwa fundi cherehani mjini Voi, na wateja wangu wote walitaka nguo zikae mpya. Nikalifua kwa mchanga, nikalianika juani, nikalikwaruza viwiko kwa tofali. Hapo hapo akanifanya mtunza mavazi.

Gauni lilikuwa la Madam Solange, mwigizaji Mfaransa aliyezeekea jukwaani na kwenye sinema. Nilimvisha kila asubuhi na kulinda mwendelezo, yaani kifungo kikiwa wazi picha ya kwanza, kibaki wazi kila mnaporudia. Tulizungumza kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi. Mimi ni mdadisi mno, basi nikamuuliza machozi huyatoa wapi.

"Jukwaani unalia mpaka wa nyuma kabisa asikie," alisema. "Mbele ya kamera unajizuia, watazamaji ndio wanalia."

Alikuwa amekuja Kenya kwa sababu ya onyesho moja la matanga, tulilopiga kijijini Mraru siku ya mwisho. Akina mama walitoka kilima cha Sagalla kuja kuomboleza. Walipoliona jeneza, kiongozi wao, Mama Wakesho, akaketi chini.

"Tunamlilia nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mchezo tu," nikamjibu.

"Basi hatulii. Sanduku tupu halililiwi, litatuitia msiba."

Mwongozaji akapandwa na hasira. Jua likizama kabla hajapata onyesho hilo, alisema, analitupa. Nikamtafsiria Madam. Akaeleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa katika ziara ya jukwaani. Aliigiza usiku ule na uliofuata. Hakumzika.

Nilipowaambia, Mama Wakesho akasimama. "Aliitwa nani?"

"Odile," Madam akasema nilipomtafsiria.

Wakamlilia Odile kwa Kisagalla, wakimuuliza mbona ameondoka bila kumuaga binti yake. Madam akasahau maneno yote aliyokariri, akapiga magoti mchangani. Nami nililia, sioni haya kusema.

"Safi sana!" mwongozaji akapaza sauti. "Sasa turudie, kamera ije upande huu."

Nikakimbilia kumpangusa Madam vumbi, mwendelezo usiharibike. Lakini akina mama walikuwa wamepanga foleni, wakimpa mkono mmoja mmoja. "Pole, mwanangu."

"Turudie nini, bwana?" Mama Wakesho akauliza. "Odile ameshazikwa."

Mwongozaji akamgeukia Madam. Sikuwahi kumsikia akimkatalia mwongozaji neno. Madam akaushika mkono wangu uliokuwa ukipangusa. "Acha," akasema. "Kwisha."

Niliwavisha wengi baada yake mpaka nilipostaafu. Vijana huniuliza kama siku ile aliigiza au alilia kweli, nami bado najiuliza. Ninachojua ni kwamba hakurudi hotelini Voi. Alipanda Sagalla na wale akina mama, wakampikia, akakataa chakula, wakambembeleza mpaka akala, kama anavyobembelezwa mfiwa yeyote.