Nimevuliwa Jezi Kariakoo kwa Sababu ya Kikapu cha Ulaya

Wanangu, leo nimevuliwa jezi hadharani na bado nacheka!

Iko hivi. Mechi yetu ya ligi imeahirishwa, uwanja umejaa maji. Kibanda umiza cha kutazamia mpira hapa Kariakoo kimefurika na watu wameshalipa. Mwenye banda akatuwekea nusu fainali ya mpira wa kikapu, klabu bingwa Ulaya.

Mimi moyo paa! Msimu mzima naifuatilia peke yangu kwenye simu.

Shida sasa: timu moja nyekundu, nyingine kijani. Na Kariakoo mnaijua: mtaa umegawanyika timu mbili za soka, wekundu na kijani. Hakuna aliyeuliza hata majina. Wekundu wa mtaani wakahamia mabenchi ya kulia, sisi wa kijani kushoto.

Timu yangu ya Ulaya ni ile nyekundu. 😭

Nikajikausha kati ya kijani wenzangu. Sekunde za mwisho, wekundu wako nyuma pointi mbili. Jamaa akarusha kutoka mbaliii, pointi tatu, ndani!

Nikarukia juu ya benchi: "Tumeingia fainaliiii!"

Kijani wenzangu wakanikodolea macho. Hata wekundu waliacha kushangilia wakanigeukia.

Mzee Shomari, mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki wa kijani, akainuka taratibu. "Mwanangu, vua."

"Mzee, hiki si ni kikapu tu!"

"Rangi ni rangi. Vua."

Nimefika nyumbani kifua wazi, nimelowa mvua chapachapa. Mke wangu ni mwekundu wa kuzaliwa. Kaenda kabatini, kaniletea jezi yake.

Inanibana kwapani, lakini mpaka sasa sijaivua.

Nisemeni mnavyotaka, ila Mzee Shomari asijue.