Nilikunywa "supu" ya bluberi za barafu ili nisikatwe kidole. Kocha Fadhila wa Maili Moja, njoo hapa ujibu

Wakuu, salamu zenu nitawapa nikishatulia. Kwa sasa nina hasira.

Nimelala nyuma ya kigari cha mizigo, kirikuu, kichwa kipo juu ya gunia la nazi. Mkojo umenitoka mbele ya shemeji yangu. Macho yanaona ukungu. Na shemeji huyohuyo ameniinua shingo, kikombe kipo mdomoni mwangu, ananibembeleza kama mtoto:

"Kunywa kidogo mtani, upate nguvu tufike hospitali."

Ndani ya kikombe kulikuwa na kitu kilekile kilichokuwa kinaniua.

Sasa nirudi nyuma niwaeleze. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na sukari ndiyo kabisa, sina hamu nayo.

Mimi ni mkwezi wa minazi, Msimbu, wilaya ya Kisarawe. Shule niliishia darasa la nne, mengine yote nimesomea juu ya mnazi.

Kisukari ninacho muda mrefu, na vidonge nilikuwa nameza bila kukosa. Naomba hilo mlishike, maana najua humu kuna watu watakuja na "mzee uliacha dawa". Sikuacha.

Kikatokea kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Daktari wa kliniki akaniambia wazi: "Mzee wangu, sukari ikishuka hiki kinafunga. Isiposhuka, kidole tunakitoa."

Kwa mtu wa ofisini kidole gumba cha mguu ni kitu cha kujikwaa nacho. Kwa mkwezi ndicho kinachoshika mnazi. Bila hicho wewe ni mtu wa kuokota nazi zilizoanguka, unagombania na watoto.

Ndipo akaingia mtuhumiwa namba moja, Masanja.

Masanja amemuoa mdogo wangu Zuhura, wanaishi Kibaha. Msukuma, kwa hiyo kwetu Wazaramo ni mtani. Ana shahada, ana kiti cha kuzunguka ofisini, na akiongea anaweka mkono kidevuni. Akaja na habari za Kocha Fadhila, mtuhumiwa namba mbili. Huyu mama ana friza Maili Moja, ana group la lishe kwenye simu, na anavaa koti jeupe. Koti la nini, Mungu anajua.

"Mtani, kuna tunda linaitwa bluberi," Masanja akasema. "Linashusha sukari. Lina antioksidanti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kama askari. Wanazunguka kwenye damu wanakamata sukari."

Nikamwambia hapa Msimbu zambarau zinaanguka hadi ndege wanazikinai. Akacheka. "Wazaramo bwana! Zambarau ni ya kuchafulia shati. Hii imetoka kwenye baridi."

Kweli akaleta pakiti. Kutoka Kibaha hadi kwangu, juani, kwenye bodaboda. Unadhani barafu itafika? Ilipofunguliwa, ndani kulikuwa na maji mazito ya rangi ya zambarau, matunda yanaelea yamesinyaa kama macho ya samaki wa juzi.

Mke wangu, Mama Hamisi, akauliza swali la maana: "Sasa mgonjwa anakula nini hapa, matunda au maji?"

Masanja akampigia Kocha, akaweka spika. Kocha akajibu: "Virutubisho vyote vimo humo. Asipoteze hata tone."

Mama Hamisi akasikia "tone". Kesi ikaisha.

Maana kwetu kila mtu anajua nguvu ya kitu iko kwenye supu. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mzazi, mzazi anapewa supu, nyama wanakula waliokuja kumpongeza. Pweza hivyohivyo. Kongoro hivyohivyo. Nani alishawahi kupona kwa kutafuna?

Basi yale maji yakachujwa kwa heshima, nikapewa mimi mgonjwa. Makapi wakatupiwa kuku.

Nikaonja. "Mbona tamu hivi?"

Masanja mkono kidevuni. "Utamu wa asili huo, mtani. Kule kwao kuna baridi kali, tunda linajifunika kwa utamu lisife."

Wakuu, nilimwamini. Mtu ana kiti cha kuzunguka.

Nikawa nakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kocha akaomba picha ya kidonda, akasema ni ya "kabla". Tukampa. Masanja naye kila pakiti ikiisha analeta nyingine.

Kiu ikaanza. Kiu ya ajabu, ulimi kama kifuu. Nikituma ujumbe kwa Kocha, jibu linarudi: "Sumu zinatoka hizo baba, ongeza dozi." Kiu nikawa naikata kwa supu yenyewe!

Mkojo nao ukawa haukatiki. Kocha: "Mwili unajisafisha."

Sisimizi wakapanga mstari pale nyuma ya nyumba ninapojisaidia haja ndogo. Mzaramo yeyote akiona sisimizi hapo anajua mkojo una sukari. Mama Hamisi akashtuka, akapiga simu mwenyewe. Mnajua Kocha alimjibu nini?

"Hata wadudu, mama, wanajua kitu chenye lishe."

Kidonda kikaanza kunuka. Siku niliyoanguka Masanja alikuwa ndiyo kwanza amefika na pakiti mpya. Akatafuta kirikuu cha jirani, tukaipita hospitali ya Kisarawe hivihivi, eti Kibaha ndiko anakofahamiana na watu. Njiani ndipo kikombe kile.

Hospitali wakanitoboa kidole cha mkono, mashine ya sukari ikakosa namba. Ikaandika HI.

Masanja akasema, "Inakusalimia, mtani."

Nesi akamtazama kama anatazama mzigo usio na mwenyewe. "Baba, maana yake sukari imezidi kipimo. Amekula nini huyu?"

Walipofanikiwa kunirudisha duniani, daktari akaomba aione pakiti. Akaigeuza mara moja. "Hapa mbele pameandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa, kwamba zimeongezwa sukari. Hamkuona?"

Masanja akajikuna. "Niliona. Nikajua ni sifa."

Daktari akatueleza taratibu, na hapa wakuu someni vizuri. Bluberi yenyewe haina kosa. Ina nyuzinyuzi, ina vitamini, na mtu wa sukari akila kiasi, zile zisizoongezwa kitu, hazina neno. Ila sio dawa, na vidonge haviachwi kwa ajili yake. Hizi za kwetu zilichanganywa na sukari kabla ya kugandishwa. Zikiyeyuka, ile sukari inashuka na maji. Nyuzinyuzi zinabaki kwenye tunda.

"Matunda mliyapeleka wapi?" akauliza.

"Tuliwapa kuku," Mama Hamisi akajibu.

"Basi mgonjwa mmempa sharubati, lishe mmewapa kuku."

Halafu mke wangu, kwa sauti ndogo: "Ndiyo maana wanataga sana."

Kidole kilikatwa. Gumba lote, hadi kwenye shina.

Masanja alikuja wodini, na kwa kuwa mtani hata msibani hanyamazi, akauliza, "Mtani, matanga ya kidole tunaanua lini? Sanda nitatoa mimi, leso inatosha." Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, utani ni utani. Halafu nikageukia ukutani.

Huyo Masanja nimeshamalizana naye. Ndiye anayelipa kijana wa kukwea minazi yangu, na Zuhura kamnyima chai mpaka leo.

Aliyebaki ni mmoja.

Masanja alipiga picha mguu wangu wenye bendeji, akaituma kwenye group, watu waniombee dua. Kocha Fadhila akaichukua. Akaiweka pembeni ya ile ya "kabla". Juu akaandika: "Mzee wa Msimbu. Kidonda hakipo tena." Chini watu wanampa hongera na kuulizia bei.

Ni kweli Kocha, kidonda hakipo. Kiliondoka na nyumba yake.

Funzo langu, wakuu: kitu kikifika kwako kimeyeyuka, usikiite supu. Na mwenye koti jeupe muulize kalipatia wapi. Waliokutana na friza la huyu mama, shusheni yenu hapa chini, na madaktari mlio humu nirekebisheni nilipokosea.

Lakini pole zenu naomba zisubiri. Kocha Fadhila, najua humu unaingia, maana biashara yako unaitangaza humuhumu. Ondoa picha ya mguu wangu leo. Kisha uwajibu hawa watu swali moja tu, bila "sumu zinatoka".

Kwenye hiyo picha yako ya "baada", ile bendeji ukiifungua, kidole kiko wapi?