Besi ya Shem Yaenda Leipzig

Shem wa Vihiga, Kenya, alikuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi Bur Dubai, mtu wa maneno matatu kwa siku, mawili yakiwa "yes sir". Lakini kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, kanisani aliimba besi mpaka viti vikatetemeka. Sisi tulioishi naye mtaa wa Al Baraha, watu sita chumba kimoja, tuliijua besi hiyo kuliko tulivyotaka. Aliifanyia mazoezi bafuni, nasi tumepanga foleni na taulo zetu mabegani.

Mwaka 2006 kwaya ya kanisa ikaalikwa Leipzig, mji wa Ujerumani ambao watu wake, tuliambiwa, wanapenda muziki na picha kama sisi tunavyopenda ugali. Shida ilikuwa moja: pasipoti ya Shem ilifungiwa kabatini kwa arbab wake, yaani tajiri aliyemwajiri.

"Ujerumani kufanya nini?" arbab akauliza Shem alipokwenda ofisini kuiomba.

"Kuimba, sir."

"Wewe? Yalla, imba."

Mwenye akili angeimba sauti ya kwanza, wimbo ujulikane. Shem akaimba sehemu yake. "Do, do, do. So, so, do." Akanyamaza, akahesabu mapigo manne kwa kidole. "Do."

"Khalas, basi! Hii pampu ya maji."

Rispah, soprano wa kwaya, alikuwa akipiga deki kwenye korido palepale. Uvumilivu ukamshinda. Akaegemeza mopu ukutani, akadaka wimbo kwa juu, na ile pampu ikawa muziki. Arbab akaweka kalamu chini. Walipomaliza akatoa pasipoti, akamgeukia Rispah.

"Na wewe unakwenda?"

"Kampuni yangu ya usafi imekataa, sir."

Arbab akasema kampuni ile si yake. Kweli haikuwa yake, lakini mimi namkasirikia hadi leo.

Shem akaenda. Ijumaa aliyorudi, sisi tusio wanakwaya tulimzingira nje ya kanisa. Eti Leipzig ikoje? Akataja makanisa ya mawe, majumba ya picha, na kinanda chenye mabomba marefu kuliko yeye. Tukamwambia aache chumvi.

"Walituazima soprano wa Kijerumani," akasema. "Sauti safi kabisa. Lakini nilichelewa kuingia mara mbili." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa namngoja Rispah."

Rispah akasogea mbele kutoka nyuma yetu.

"Si ungeingia tu, Shem," Rispah akasema. "Mimi nilikuwa kazini."