Picha ya Mtaliano Migongoni mwa Washenga

Niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana mkianza nyie hamtanyamaza, na aibu yenyewe hadi leo nikikutana na wakwe zetu msikitini nainama kama mtu anayetafuta kiatu chake.

Enzi hizo za Mwingereza, hapa Kinondoni, nilimpangisha chumba cha uani Mtaliano mmoja, Enzo, aliyeletwa nchini mateka wa vita, vita ikaisha, kwao hakurudi. Kazi yake kuchora. Lakini kuchora gani huko: hakuna mtu, hakuna mti, hakuna hata kuku, ni mabaka mekundu na mistari myeusi, basi. Ukimuuliza, "Bwana Enzo, hii nini?" anajibu, "Hii ni hii." (Mie muuza vitambaa, napima kila kitu mara mbili, jibu kama hilo linaniumiza kichwa.)

Sasa washenga wanakuja kumposa mdogo wangu Mwajuma, ukuta wa sebule umebanduka, vitambaa vyangu vya dukani ni vya kuuza, na mwenye kukodisha mapazia ya kuufunika kanitajia bei ya kuniua. Nikabishana naye hadi adhuhuri, hakushuka. Kurudi nyumbani nimenuna, naona uani kitambaa kipana cha Enzo kimeanikwa, rangi tele, mwenyewe kaenda mjini. Nikakigusa pembeni kwa kidole. Kikavu. Nikagusa mara moja tu, mie huyuhuyu. Nikakitundika ukutani, nikatandika mkeka chini yake.

Wakaja wazee wanne, kanzu nyeupe zinang'aa, mbele yao Mzee Salum, baba mdogo wa mposaji, mtu ambaye kikombe kikiwa na doa hanywi. Wakaketi, wakaegemea. Maneno yakaenda vizuri, Shangazi akaleta kahawa, nami najisifu moyoni kwamba pazia nimelipata bure.

Waliposimama kuaga, Shangazi akashika mdomo.

"We mtoto," akaninong'oneza, "umewachinja wageni?"

Migongo yote myekundu. Nikawasindikiza upesi barazani nikiomba wasigeuke, na hapo ndipo Enzo akaingia. Akatazama migongo, akachungulia ukuta, nikajua leo napigwa. Wapi. "Shikamooni, wazee. Tafadhali, simameni kama mlivyokaa. Wewe huku." Akawapanga, nyuso ukutani, migongo barabarani, nao wakatii wakidhani ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mtaa mzima ukajaa. Enzo akarudi nyuma, akafumba jicho moja. "Sasa nzuri zaidi."

"Nini nzuri?" Mzee Salum akauliza bila kugeuka.

"Mgongo wako, mzee."

Akaivuta kanzu, akaona. Kisha akaniangalia mie.

"Na binti yenu, rangi yake imekauka?"

Wakaanza kuvaa viatu, posa ndiyo inaondoka hivyo, mara sauti ya Mwajuma ikatoka nyuma ya mlango: "Kaka, niletee hizo kanzu. Na wape wazee shuka za dukani."

Zile nzuri, zilizofika juzi. Nikatoa. Mwajuma akasugua kwa mafuta ya taa na sabuni hadi magharibi, huku Enzo peke yake akisikitika kila kanzu iliporudi nyeupe. Ya Mzee Salum ilikataa kutakata. Akaipokea vilevile, akaigeuzageuza, akaivaa.

"Binti tunamtaka," akasema. "Huyu kaka yake mtabaki naye."

Mwajuma kaolewa, ana watoto. Mie tangu siku ile situndiki kitu bila kukishika kwa viganja vyote viwili, na haisaidii, kwa sababu kila kukiwa na shughuli ya ukoo Mzee Salum anavaa kanzu ileile na anachagua kukaa mbele yangu, mgongo kwangu.