Nyuki Ndani ya Kompyuta

Baba alipanda treni Kaliua akaja Tabora kunitoa kwenye darasa la kompyuta. Nilikuwa kidato cha tatu, na hilo ndilo somo pekee lililoniamsha asubuhi bila kusukumwa. Yeye alitaka nisomee uuguzi. Kompyuta, alisema, ni kama kurina asali: kazi ya wanaume. Baba ni mrina asali, na kwetu yeye akishasema, hata mbwa hunyamaza.

Alimkuta mwalimu wetu, mama mwembamba wa Lusu kule Nzega, amepiga magoti mbele ya kompyuta yetu bora kuliko zote. Kabla ya likizo aliifungua kuipangusa vumbi, akasahau kurudisha kifuniko. Nyuki wadogo, wale wasiouma, wakahamia ndani.

"Shikamoo, mzee," alisema akiwa bado chini. "Umeletwa na Mungu. Hawa wageni wangu nawatoaje bila kuwaua?"

Baba alikuja amejiandaa kugombana. Kuombwa msaada hakukutarajia kabisa. Akaitikia marahaba, akavua koti, akaagiza boksi.

Alihamisha masega taratibu kwa vidole vyake vinene, na kila alipobandua nta akakutana na kitu asichokijua, aliuliza. Mwalimu alimjibu yote, mengine kwa Kinyamwezi.

"Hiki ndicho kinachofikiri, mzee. Na hiki kinakumbuka, ila umeme ukikatika kinasahau kila kitu."

"Kama mlevi," baba akasema.

"Hasa!"

Walipomaliza, mwalimu alibonyeza kitufe. Kimya. Baba akanigeukia, nami nikaona koti langu la uuguzi limeshashonwa. Lakini mwalimu alichomoa kile kinachokumbuka, akakuta kimeganda nta, akakisugua kwa ufutio wa penseli hadi kikang'aa, akakirudisha. Feni ikavuma, kioo kikawaka. Nilitaka kumkumbatia mbele ya baba.

"Nani alikufundisha haya?" baba akauliza.

"Mwalimu mmoja wa kike, mzee. Na baba yangu naye alikuja shuleni kunitoa."

Baba alikuwa bado hajamwambia kilichomleta. Alicheka mpaka akakaa juu ya dawati, kisha akavaa koti lake.

"Basi sikia, mwalimu. Huyu binti akishindwa, nirudishie. Akiweza, kaa naye."

Akarudi Kaliua na boksi lake la nyuki.

Leo nakaa Chemchem, hapa hapa Tabora, naandika programu ambazo zahanati huzitumia kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Uuguzi umenifikia kwa mlango wa nyuma, baba hupenda kunitania. Nashukuru, tena sana, na sioni haya kulisema. Kizazi cha wale nyuki kingali kwake, na kila msimu baba hunipa chupa mbili za asali, moja yangu, moja ya mwalimu. Ile ya pili naipeleka mimi mwenyewe, kwa mikono miwili. Mwalimu amestaafu sasa, lakini jibu lake halijabadilika.

"Msalimie mzee. Mwambie bado sijakurudisha."