Mikate ya Mvungu ya Bi Hawa

Jioni moja naikumbuka, mwanangu, kuliko jioni zote nilizoishi hapa Nzuguni. Nilikuwa bado mke kijana, na mtaa huu ulikuwa mashamba ya mtama na nyumba za kuhesabu. Mama wa mume wangu, Bi Hawa, alikuwa mgonjwa wa koo. Tulimleta kutoka Kondoa ili awe karibu na hospitali, lakini ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, na daktari akatuambia tumrudishe nyumbani tukamtunze. Hatukuhitaji kufafanuliwa maana yake. Ugali haukupita tena. Wali ulimpalia. Uji aliuchoka, hadi akiona bakuli anageuzia uso ukutani.

Siku hiyo watoto wake wengine wawili walifika na basi la mchana: Ramadhani, kifungua mimba, na dada yake Mwajabu. Mume wangu, Saidi, ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Bi Hawa alipowaona alichangamka ajabu. Akaniita, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki kukwaruza, "Mkwe, leo nataka kula pamoja na wanangu. Tupike mikate ya mvungu."

Katika usichana wake aliwahi kupika katika nyumba ya wageni hapa mjini, na huko ndiko alikojifunza. Ni mikate midogo isiyotiwa hamira wala sukari. Ikiiva huumuka ikapita mdomo wa kikombe inamopikwa, na ndani hubaki na mvungu. Unaipasua, unamimina mchuzi humo, inalainika. Alijua kwamba hiyo koo lake lingeipokea.

Nilimwekea kigoda jikoni, naye akanielekeza. Nikapiga mayai na maziwa ya uvuguvugu, nikatia unga wa ngano, chumvi na pilipili manga, rojo ikawa nyepesi kama uji wa mtoto. Sufuria kubwa yenye mchanga ilikuwa motoni, na ndani yake vikombe vya bati vyenye samli. Samli ilipoanza kutoa moshi, nikamimina rojo hadi nusu, nikafunika, nikapanga makaa juu ya mfuniko.

"Sasa usifunue," akaniambia. "Ukichungulia kabla haijakauka, inanywea, na ikinywea hainyanyuki tena."

Basi tukakaa tukingoja. Jiko letu, mwanangu, liliegemea ukuta wa sebule, na dirisha lilikuwa wazi. Tukawasikia.

"Atalala Kondoa, kando ya baba," Ramadhani alikuwa akisema. "Hilo halina mjadala."

"Kaka, umemwona alivyo?" Saidi akajibu. "Akifia hapa, azikwe hapa."

"Mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa wa kuja mara moja tangu aanze kuugua?"

Mwajabu akawasihi wapunguze sauti. Lakini ulimi hauna mfupa. Walikwenda nao mbali, wakataja sanda, wakataja gari, wakatupiana maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Nikainuka ili nikawaambie mama anasikia. Bi Hawa akanishika nguo.

"Kaa, mkwe. Waache waseme."

Nikakaa. Uso wake sikuweza kuutazama, nikawa natazama makaa.

Mikate ilitoka vizuri, imepanda, rangi ya dhahabu. Nikaiandaa na mchuzi wa kuku, nikamshika mkono Bi Hawa, tukaingia. Ramadhani akaanza kusema habari za mvua.

Bi Hawa akaketi taratibu. Akasema, "Nimewasikia. Mnagombania pa kunilaza na mimi bado sijala."

"Mama, tulikuwa tunajiandaa tu," Ramadhani akasema.

"Jiandaeni kunipa maji ya kunywa, baba. Kaburi watachimba majirani, hiyo kazi wanaiweza. Mmekuja kuniona, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, leo kimepita nini?"

Hakupaza sauti. Hata angetaka asingeweza. Akachukua mkate, akaupasua, akamimina mchuzi, akala. Hapo ndipo watoto wale walipoona kwa mara ya kwanza mama yao anavyomeza: anafumba macho, anashika ukingo wa meza, machozi yanamtoka, kisha anapumua. Tonge moja. Kisha jingine. Mwajabu akalia, akasogea karibu, akawa anampasulia vipande. Saidi aliinamisha kichwa.

"Nitakapofia, hapo hapo mnizike," Bi Hawa akasema. "Yamekwisha. Sasa kuleni, isije ikapoa."

Ramadhani hakula. Aliinuka, akatoka nje, na alfajiri akapanda basi la Kondoa bila kuaga. Wengine walisema ni hasira. Mimi nasema ilikuwa aibu, na aibu, mwanangu, mtu akiiachia humfungia mlango kuliko hasira.

Mwajabu alibaki. Nilimfundisha ile mikate, akawa anampikia mama yake kila alipoweza kula, mpaka ikawa hata hiyo haipiti. Kila gari liliposimama barabarani Bi Hawa aliuliza, "Ni Ramadhani?" Tukamtumia ujumbe, na tena ujumbe. Akajibu kwamba anavuna, kwamba atakuja.

Alikuja kumzika, hapa hapa Nzuguni. Baada ya watu kutawanyika aliniita pembeni, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza, "Shemeji, aliniulizia?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Kila siku, shemeji. Mpaka sauti ilipokatika."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Maji yakimwagika hayazoleki. Alizeeka akiwa mtu mkimya, na nadhani swali lile ndilo lililomzeesha.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu, nawe una wazazi: mla ni mla leo. Mgonjwa akitaka chakula fulani, kipike, hata kama atakula matonge mawili. Keti naye, mtazame anavyokula, maana hapo ndipo utakapojua hali yake kuliko kwa daktari. Usizungumzie kifo chake nyuma ya ukuta. Kama kuna la kuuliza, muulize mwenyewe, kwa adabu, angali na ulimi. Na akikukemea, usikimbie. Mzazi anayekemea bado anakutaka. Meza aibu yako, rudi, sema "nisamehe, mama," maana kesho si yako.

Mungu akupe moyo wa kurudi ukikosea. Wazazi wako waondoke wakiwa wamekuona, nawe usibaki na swali la kuwauliza watu baada ya mazishi. Amina.